Makita tupu au kuchanganya? Jibu kwa seremala wa Majengo, Moshi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni seremala, niko Majengo hapa Moshi. Natengeneza vitanda, milango na makabati ya mninga na saiprasi. Aliyenifundisha kazi hakugusa mashine isiyo Makita, na mimi nimemfuata: nina drili ya betri ya volti 18 na betri 2. Sasa nataka kuongeza randa ya umeme, msumeno wa mviringo, grainda, ruta na mashine ya msasa. Nikipiga hesabu ya Makita tupu, hela haifiki. Dukani wananisukumia Ingco na Total, za bei nafuu. Shemeji yuko Marekani, anasema DeWalt kule ni nafuu, ataniletea akija Desemba. Nifuate jina au nifuate bei?

JIBU: Nzuri, fundi. Anza kwa kutenganisha mashine za waya na za betri, maana uaminifu kwa jina una maana upande mmoja tu.

Mashine ya waya haijali jirani yake ametengenezwa na nani. Randa ya Makita na grainda ya Total zitachomekwa soketi moja na hakuna kitakachoharibika. Kinachokufunga kwa kampuni ni betri. Betri yako ya Makita ya volti 18, ile jamii ya LXT iliyotoka 2005, haiingii kwenye DeWalt wala Bosch. Adapta zinauzwa, lakini ziogope: mashine na betri yake huwa zinapeana taarifa ili umeme ukatwe kabla seli hazijaisha kabisa. Adapta nyingi zinaruka mawasiliano hayo, betri inanyonywa hadi inagoma kuchaji. Kwa hiyo kila utakachonunua cha betri kiwe Makita, na nunua mwili mtupu bila betri wala chaja. Hapo ndipo unapookoa hela.

Sasa ya shemeji. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Msumeno wa waya wa kule ukiuchomeka Moshi, mota inaungua hapo hapo. Ukitaka kuutumia lazima transfoma, na msumeno wa ampea 15 unavuta kama wati 1,800, kwa hiyo transfoma ndogo ya redio haitoshi. Tafuta ya kVA 3, yaani kama wati 3,000. Gharama na uzito wake vinakula nafuu yote. Mashine za betri za kule zinafanya kazi popote, ila chaja zake ni za volti 120. Na usibabaishwe na DeWalt ya "volti 20": ni seli 5 zilezile zilizopangwa mfululizo, volti 3.6 kila moja, jumla 18. Zikiwa zimetoka kuchajiwa ndiyo zinafika 20 na kidogo. Ulaya betri hiyohiyo imeandikwa 18. Kwa kuwa tayari una betri 2 za Makita, mwambie shemeji alete bledi nzuri za msumeno. Hizo hazina volti. Mtumie tu kipimo cha tundu la katikati, maana kuna la milimita 16, 20, 25.4 na 30.

Kwenye randa, usibane hela. Kwa seremala wa mninga hiyo ndiyo mashine inayokula mzigo siku nzima, na ndiyo inayouliza maswali ya spea: mkanda, visu, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha), beringi, amecha (sehemu ya mota inayozunguka). Randa ndogo ya Makita 1900B ina visu vya milimita 82, ukubwa unaotumika sana. Kabla hujalipa, kampuni yoyote ile, muulize muuzaji akuonyeshe kaboni na mkanda wa mashine hiyohiyo, akuwekee mezani. Akisema "tutaagiza", hesabu kwamba havipo.

Fanya hesabu hivi, kwa namba za mfano, kisha weka bei ulizoambiwa. Tuseme randa ya chini ni 130,000 na ya juu 480,000. Ya chini ikiunguza amecha kila baada ya miezi 8 na spea haipo, ndani ya miaka 3 umenunua 5, yaani 650,000, bila kuhesabu siku ulizokaa mteja akipiga simu. Lakini ukiitumia Jumamosi tu, huenda ikamaliza miaka hiyo 3, na tofauti ya 350,000 imebaki mfukoni.

Hata hiyo ya bei inaungua ukiisahau kaboni. Toa kaboni zote mbili kila mwezi uzikague. Zikikaribia alama ya mwisho, au zikibaki kama milimita 5, badilisha zote mbili kwa pamoja. Kaboni fupi inaruka, cheche zinakula shaba za mwisho wa amecha, na hapo unaenda kwa fundi wa kusuka mota. Cheche ndogo za bluu ni kawaida. Ukiona duara la moto linazunguka amecha, zima.

Ekstensheni nayo inasingiziwa ubovu wa mashine. Mzigo wa wati 2,000 kwenye waya wa milimita mraba 1.5, urefu wa mita 50, unapoteza volti 10 hivi njiani. Waya wa 2.5 unapoteza 6 na kitu. Umeme wa mtaani ukiwa tayari umeshuka jioni, mota inakosa mwendo, inapata moto. Na ukunjue waya wote. Ukibaki kwenye kibiringo unajipika wenyewe.

Grainda na mashine ya msasa, chukua za bei ya kati au chini. Seremala haishindishi grainda kama mtu wa mageti.

Ruta, angalia koleti (kishikio cha shina la biti) kuliko jina. Kuna ya milimita 12 na ya 12.7, ambayo ni nusu inchi. Biti ya 12 kwenye koleti ya 12.7 utaikaza na itaonekana imeshika, kisha itachomoka ikiwa kwenye mwendo. Pima mashina ya biti zinazouzwa Moshi kwanza, ndipo uchague ruta.

La mwisho ni feki, hasa betri za Makita. Betri ya ampea-saa 5 ya aina ya BL1850B ina seli 10, kila seli karibu gramu 45 au zaidi. Seli zote 10 peke yake ni gramu 450, bado ganda na bodi. Peleka dukani betri yako unayoiamini, zipimwe zote mbili kwenye mizani. Ikija na gramu 400, ndani kuna seli 5, hata stika ing'ae vipi. Chukua risiti ya EFD, namba ya mashine iandikwe juu yake, na masharti ya gharanti yawe kwenye karatasi yenye mhuri wa duka.