Mkulima mmoja, majina matatu: tuamini orodha ipi?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Tunanunua mbegu Kibaigwa, Kondoa na Singida, tunauza mafuta na mashudu. Mpokea mzigo ana daftari lake, mimi nina Excel yangu, dukani kuna programu ya mauzo. Msimu uliopita mkulima mmoja alilipwa mara mbili kwa mzigo uleule kwa sababu yumo kwenye orodha zetu mara tatu, kila mahali kwa jina tofauti. Bosi anataka tununue mfumo mmoja mkubwa wa kuunganisha kila kitu. Ndiyo dawa?

JIBU: Mwambie bosi hela zikae kwanza. Mfumo mpya utazimeza orodha zenu tatu kama zilivyo, na mkulima wenu ataendelea kulipwa mara mbili, ila safari hii kwa haraka zaidi. Kabla ya mfumo, kiwanda chenu kinahitaji kujua nani ana kauli ya mwisho kuhusu jina linaloingia kwenye orodha.

Kuna mambo yanayotokea kila siku: mzigo umepokelewa, malipo yametoka, dumu limeuzwa. Hiyo ni miamala. Na kuna vile vitu ambavyo kila mwamala lazima uvitaje: mkulima, mteja, bidhaa, kipimo, ghala. Hizo ni taarifa za msingi. Mimi nimezoea kuziita orodha mama. Mwamala ukikosewa, umeharibu hesabu ya mzigo mmoja. Orodha mama ikikosewa, kila mwamala unaoigusa unaharibika nayo, na wewe mhasibu ndiye unayekesha mwisho wa mwaka.

Tuanze na wakulima, maana huko ndiko mlikoumia. Yohana, Yohane na John anaweza kuwa mtu mmoja. Hamisi, Hamis na Khamis vilevile. Jina basi halifai kuwa kitambulisho. Simu nayo haiaminiki: laini moja baba na mwanawe wanaitumia, kesho imepotea. TIN, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9, ni nzuri kwa wanunuzi wenu wa jumla, lakini wakulima wengi wadogo hawana. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo inawatenganisha vizuri watu wawili wa jina moja. Itumieni kuhakiki tu, msiiandike kwenye kila stakabadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka mkusanye kile mnachokihitaji na mkilinde. Daftari lenye namba za NIDA likiachwa wazi kwenye meza ya ghalani, hapo hamjalinda kitu.

Mpeni kila mkulima namba yenu wenyewe, na iwe bubu, isiyosema lolote kumhusu: 00417, basi. Najua utatamani kuandika KBG-417 ili ujue ni wa Kibaigwa. Usifanye hivyo. Siku akipata shamba Kondoa na kuanza kupeleka mzigo huko, ile KBG itakuwa uongo, na karani wa Kondoa atamfungulia namba nyingine. Mmerudi mlikotoka. Mahali anapotoka pawe na safu yake, panapobadilika pabadilishwe.

Wale walioandikwa mara mbili msiwafute. Chagueni namba moja ibaki hai, nyingine ifungwe na iandikwe "angalia 00417". Ukiifuta, risiti za zamani zitabaki yatima, na mkaguzi atakuuliza zililipwa kwa nani.

Kipimo nacho ni mtego. Gunia si uzito. Gunia la alizeti halifikii uzito wa gunia la mahindi, na likifungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita mdomo wake, hata alizeti kwa alizeti hamwezi kulinganisha. Kwenye orodha mama mbegu ziwe na kipimo kimoja, kilo za mizani. Gunia libaki la kuhesabia upakuaji tu. Mafuta yanatoka kiwandani yakihesabiwa kwa kilo na dukani yanauzwa kwa lita, basi uwiano uandikwe mara moja, mahali pamoja. Lita ya mafuta ya alizeti ina takriban kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 18 na pointi 4 hivi. Nimeona watu wakituhumiana wizi wa mafuta kumbe mmoja anahesabu lita ni kilo.

Sasa suala la mamlaka, ambalo ndilo gumu. Niliwahi kumsaidia muuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa na "Nondo 12", "Nondo mm12" na "Nondo 12mm" kama bidhaa tatu. Alikuwa anaagiza nyingine huku zipo stoo. Tulisafisha orodha wiki mbili. Baada ya miezi mitatu zilikuwa zimerudi, maana kila muuzaji alikuwa bado anaweza kuongeza bidhaa akitaka. Kosa lilikuwa langu: nilisafisha bila kufunga mlango.

Kwenu, mpokea mzigo apendekeze mkulima mpya, mtu mmoja amtafute kwanza kwenye orodha kwa simu, kijiji na NIDA, ndipo atoe namba. Asiwe wewe, anayelipa asiwe ndiye anayesajili wa kulipwa. Na awepo wa kumshikia zamu, kwa sababu foleni ya malori haimsubiri mtu aliye likizo. Programu ya dukani na Excel yako zichukue nakala kutoka kwake, zisiongeze jina.

Kuhusu chombo, Excel moja yenye nywila inatosha kwa kuanzia. Anza na bidhaa, maana ni chache na utazimaliza kwa siku moja. Wakulima waendelee kuhakikiwa kijiji kwa kijiji wakati huu wa mvua, ili mavuno yakianza Mei kila anayeshusha gunia awe na kadi yenye namba yake mkononi.