IST inamisi baada ya kubadilishwa gasketi

SWALI: Toyota IST yangu, injini 1NZ-FE, ilifunguliwa silinda hedi kubadilishwa gasketi. Tangu hapo inatetemeka ikisimama, na mlimani haivuti. Fundi anataka ninunue koili zote nne (za kuzipa plagi umeme). Nikubali?

JIBU: Bado, tafadhali, koili nne ni fedha nyingi kwa kubahatisha. Kosa lililoanza baada ya kufungua injini litafute kwanza palipoguswa. Soma kodi, yaani namba za hitilafu za kompyuta ya gari, kwa mashine. P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi (isiyochoma mafuta sawasawa): badilishana koili yake na ya jirani, futa kodi, washa tena. Kosa likihama, nunua koili moja tu. Lisipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi, kisha nozeli za kupulizia mafuta.

Lakini kukosa nguvu mlimani kunatutia shaka zaidi na cheni ya taimingi, inayounganisha krenki na kemshafti inayofungua valvu. Ikiruka jino moja, valvu hufunguka nje ya wakati, na mara nyingi kodi P0016 (krenki na kemshafti haziendi sawa) hutokea. Fundi afungue kava ya valvu, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, ahakiki alama za taimingi. Apime pia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi haikukaa au hedi imepinda.