Besi yangu haisikiki jukwaani: ninunue ampu kubwa zaidi?

SWALI: Habari fundi. Napiga gitaa la besi la nyuzi nne katika bendi ya marafiki. Kila mtu ana kazi yake, tunakutana jioni kwa mazoezi, na wikiendi tukipata mwaliko tunapiga shoo. Ampu yangu imeandikwa wati 300 kwa omu 4. Spika ninayo moja ya inchi 12, ya omu 8. Nyumbani inanguruma vizuri mno. Jukwaani, ngoma na magitaa mawili yakishaanza, sijisikii kabisa, na nikiongeza besi ukumbi unavuma na wenzangu wanalalamika. Nafikiria kununua ampu ya wati 800. Kuna pia rafiki anataka kuniazima spika yake ya omu 4. Naweza kuiunga pamoja na yangu? La mwisho: nikiunganishwa na mitambo ya ukumbi napata mkoromo, na mtu kanishauri nikate kijiti cha ethi kwenye plagi ya ampu. Ni salama?

JIBU: Salama ndugu yangu. Nianze na spika ya rafiki, maana hilo linaweza kukuunguzia ampu shoo ijayo. Usiziunge pamoja.

Matundu mawili ya spika yaliyo nyuma ya ampu yako, kama yalivyo kwenye ampu karibu zote za besi, yameungwa sambamba. Ukichomeka spika mbili humo, ukinzani haujumlishwi, unapungua. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha namba mbili, kisha gawanya kwa jumla yake. 8 mara 4 ni 32, 8 na 4 ni 12, 32 gawanya kwa 12 ni 2.67. Ampu yako imeandikwa omu 4, na kama nyuma yake hakuna namba ndogo zaidi karibu na alama ya Ω, hiyo 4 ndiyo sakafu yake. Chini ya hapo umeme unaopita kwenye transista za mwisho unazidi uwezo wao. Ampu yenye kinga nzuri itajizima, na kwa kawaida inajizima pale wimbo umekolea, kwa sababu ndipo inapopata moto. Isiyo na kinga inaungua. Na hata kama ingevumilia, spika ya omu 4 ingechukua theluthi mbili za nguvu, yako ikabaki na theluthi moja. Hungefaidi lolote.

Spika ya rafiki peke yake haina neno. Kwa omu 4 ampu itatoa wati zake zote 300, kwa hiyo hakikisha tu kwamba spika hiyo inazimudu. Na ukipata spika ya pili ya omu 8, ikiwezekana ya aina ileile uliyo nayo, zikiungwa mbili zinakuwa omu 4 kamili. Hapo ndipo swali lako la wati 800 linapojibika.

Wati zinadanganya. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, ili liseme sauti imekuwa kubwa maradufu. Kutoka 300 hadi 800 ni kama desibeli 4. Utaitambua tofauti, lakini haitakutoa nyuma ya ngoma. Isitoshe, kwa spika yako ya omu 8 ile 300 huipati sasa hivi. Ampu za transista kwa omu 8 hutoa kiasi kinachozidi nusu kidogo. Sasa ongeza spika ya pili iliyo sawa na ya kwanza: ampu inatoa nguvu karibu mara mbili, hiyo ni desibeli karibu 3, na eneo la koni zinazosukuma hewa linakuwa maradufu, ambapo kwa sauti za chini unapata karibu 3 nyingine. Desibeli 6 kwa spika moja ya ziada, dhidi ya 4 kwa ampu mpya. Mimi ningenunua spika.

Kuna jambo jingine ambalo namba ya wati iliyobandikwa nyuma ya spika haikuambii. Namba ile kwa kawaida inahusu joto ambalo koili inalimudu kabla ya kuungua. Haisemi koni inaweza kwenda mbele na nyuma umbali gani. Toa wavu wa mbele wa spika yako siku moja, piga uzi wa E wazi kwa nguvu na utazame: koni inaruka wazi mbele ya macho yako. Kisha piga noti za juu kwenye uzi wa G kwa ukubwa uleule wa sauti. Utadhani imesimama. Kimsingi kila ukishuka oktava moja bila kupunguza sauti, koni inatakiwa itembee mara nne zaidi. Kwa hiyo unapozungusha kitufe cha besi hadi mwisho, spika inamaliza nafasi yake ya kutembea zamani kabla wati hazijaisha, nayo inaanza kutoa ule mlio wa kupasuka unaofanana na karatasi. Ampu ya wati 800 kwenye spika hiyohiyo itakufikisha kwenye mlio huo mapema zaidi, basi.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe, maana naona tatizo lako kubwa haliko kwenye nguvu. Liko kwenye vitufe.

Uzi wako wa E wazi una hezi 41, yaani unatetema mara 41 kwa sekunde. Lakini sikio haliishiki noti hiyo kwa 41 peke yake. Kila noti huzaa sauti nyingine juu yake, 82, 123, 165 na kuendelea, na hizo ndizo zinazokuambia hii ni E na si F. Mguso wa kidole kwenye uzi, ule unaomwonyesha mpiga ngoma mahali mpigo ulipoanzia, uko juu zaidi, kuanzia kama hezi 500 hadi 1,000 na ushee. Unaposema hujisikii, nina hakika kwenye sauti za chini upo. Ukumbi unaovuma ni wewe. Kinachokosekana ni sehemu ya kati, na huko ndiko magitaa mawili yamejaa.

Kwa nini nyumbani ilipendeza? Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huwa zito kwa masafa ya chini, na uzito huo hupungua sauti ikikua. Ukiwa chumbani na ampu iko chini, unaongeza besi na trebo, unapunguza kati, na inasikika kama rekodi. Ukibeba vitufe vilevile hadi jukwaani na kupandisha sauti, zile besi ulizoziongeza zinafura, kati uliyoikata haipo, na trebo inamezwa na matoazi. Wapiga besi wengi wanaojifunzia peke yao wanaishi na mpangilio huo kwa miaka.

Fanya hivi kwenye mazoezi, bendi nzima ikipiga, si ukiwa peke yako. Rudisha vitufe vyote katikati. Punguza besi kidogo chini ya katikati. Ongeza kati hadi uanze kujisikia bila kugusa sauti kuu. Kama ampu yako inakuruhusu kuchagua masafa ya kati, anzia hezi 700 au 800. Kama bado kuna ukungu, shusha kidogo eneo la 200. Wenzako wakinyamaza, sauti hiyo utaichukia. Itakuwa ya puani, kavu, haina ule mnguruo unaoupenda. Usiirekebishe. Isubiri bendi ianze tena ndipo uihukumu. Na kama ampu ina kichujio cha sauti za chini sana, kiweke kati ya hezi 30 na 40: kwa besi ya nyuzi nne hupotezi noti yoyote, na koni inapumzika na mitetemo ya vidole ambayo hakuna anayeisikia.

Zungumza pia na wapiga gitaa wapunguze besi kwenye ampu zao. Hawatapenda.

Baada ya vitufe, mahali. Spika ikiwa sakafuni nawe umesimama hatua moja mbele yake, zile sauti za kati tulizozihangaikia zinapita kwenye ndama za miguu yako, kwa sababu masafa yanavyopanda ndivyo spika inavyoyatupa kwa mstari mwembamba. Iinue juu ya kasha imara au iegemeze ielekee kichwani. Ukishakuwa na mbili, zipange moja juu ya nyingine; ya juu itakuwa karibu na masikio yako. Kuinua kunasaidia pia pale jukwaa linapokuwa la mbao lenye uwazi chini, maana jukwaa la namna hiyo linatetema pamoja na spika na kuongeza mvumo wake.

Ukuta nao una mambo yake. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, hivyo sauti za chini hazisongi mbele tu. Zinazunguka sanduku, zinagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Spika ikiwa mita 1 kutoka ukutani, kinachorudi kinapishana na kinachotoka na kufutana kwenye hezi 86 hivi. Hapo ni karibu kabisa na F iliyo oktava moja juu ya F ya kwanza ya uzi wako wa chini, na jirani na ile 82 inayobeba E yako. Noti hizo zinakosa nguvu, unaongeza besi kuzifidia, na noti nyingine zote zinavuma. Isogeze spika hadi ikaribie kugusana na ukuta, kisha punguza besi. Ukuta unakupa sauti za chini bure, ampu inabaki na nguvu ya kufanya kazi nyingine. Kona usiitumie kama huna ulazima. Inaongeza kupita kiasi.

Kumbi zenye mitambo zinakurahisishia. Fundi akichukua sauti yako kwa waya wa XLR, ule wa pini tatu kama wa maikrofoni, kutoka kwenye ampu, watazamaji wanakusikia kupitia spika zake, na ampu yako inakuwa yako na mpiga ngoma tu. Kwa kazi hiyo wati 300 na spika mbili ni nyingi. Karibu na tundu la XLR mara nyingi kuna swichi ya PRE na POST. Iweke PRE, ili ukigeuza vitufe vyako katikati ya shoo usimvurugie fundi mpangilio wa ukumbi mzima. Na vizibo vya masikio, tafadhali. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100, ambayo bendi yenye ngoma huifikia bila jasho, umebakiwa na dakika 15.

Kuhusu ethi: usikate. Aliyekushauri anaweza kukuua. Ile pini ipo ili ampu ikipata hitilafu na umeme kugusa bodi yake, umeme uende ardhini na fyuzi ikatike. Ukiiondoa, umeme huo utakaa kwenye bodi, utapita kwenye waya hadi kwenye nyuzi unazozishika kwa mikono miwili, ukisubiri mdomo wako uguse maikrofoni iliyounganishwa na ardhi. Ikiharibika ethi ya upande wowote, njia ni ileile. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi huku ameshika gitaa lake.

Mkoromo wako unatafutwa kwa mpangilio. Chomoa waya wa XLR unaokwenda kwa fundi, baada ya kumwambia azime chaneli yako kwanza. Mkoromo ukikoma, ni mzunguko wa ethi: ampu yako imefika ardhini kwa plagi, na imefika tena kwa ngao ya waya wa XLR kupitia mikisa. Bonyeza swichi iliyoandikwa LIFT au GND LIFT kwenye ampu. Hiyo inatenganisha pini ya 1 ya XLR tu, ethi ya umeme inabaki palepale, na ndiyo sababu ni salama. Inasaidia pia kuchomeka ampu na mikisa kwenye soketi za mkondo mmoja.

Mkoromo ukiendelea hata XLR ikiwa imetolewa, geuka polepole na gitaa ukiwa umelivaa. Ukibadilika kadiri unavyogeuka, ni pikapu zako, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi, zinanasa sumaku ya taa au transfoma iliyo karibu. Sogea, au fungua vitufe vya pikapu zote mbili kwa usawa kama besi yako inazo mbili, maana nyingi zimefungwa zifutane mkoromo zikiwa sawa. Ukipungua unapogusa nyuzi, ngao ndani ya gitaa ni hafifu, mpelekee fundi wa magitaa. Na kama ampu yako haina swichi ya LIFT, tembea na kisanduku cha DI chenye transfoma ndani. Kinakaa kati ya gitaa na ampu, kinampelekea fundi sauti yako kwa XLR, kina swichi hiyo, na hakihitaji betri wala umeme wa mikisa.