Nyimbo Zako Zitoke Wapi? Ushauri kwa Mwimbaji-Mtunzi wa Lamu

Kijana anayetunga na kuimba mwenyewe, bila kampuni wala meneja, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ilhamu inatoka wapi? Inatoka sikioni. Ukijifungia chumbani na gitaa ukingoja wimbo ushuke, utakaoshuka ni ule uliousikia jana kwenye simu. Kipaji unacho. Kilichokosekana ni akiba.

Akiba huwekwa hivi. Nunua daftari dogo la kutia mfukoni, na kila ukurasa uugawe safu tatu: maneno yaliyosemwa, aliyeyasema ni mtu wa namna gani, na sauti iliyokuwa ikisikika nyuma yake. Kwa siku semi mbili zatosha. Lamu haina uhaba wa mahali pa kuzipata. Kaa gatini asubuhi mashua za Shela na Matondoni zinapoingia, au Mkunguni mbele ya Ngome baada ya Alasiri. Au pita tu Usita wa Mui, njia kuu ya mji, polepole, upishane na punda. Matondoni kwenyewe, fundi anaposhindilia pamba baina ya mbao za dau, mlio wa nyundo hupanda kadiri pamba inavyokaza. Hilo nalo liandike, kwa sababu siku moja utatafuta namna ya kuupandisha wimbo bila kuongeza ala, na jibu litakuwa pale.

Wengi huharibu hapa: hurekebisha. Mzee kasema kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, wao huandika kwa Kiswahili cha shuleni. Andika kama lilivyotoka kinywani, hata kama sentensi haikuisha. Kusafisha kuna wakati wake.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Tuseme umesikia nahodha akisema: "Kusi likivuma, mashua humjua mwenyewe." Ni kauli nzuri (kusi ni upepo wa kusini), lakini bado si mstari. Umbo la wimbo la jadi ya pwani ni ubeti wa mistari mitatu, kila mstari mizani (yaani silabi) 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na vina viwili: cha kati na cha mwisho. Hesabu kwa vidole. "Kusi likivuma" ni mizani sita, basi imepungua mbili. Sema "Kusi likisha kuvuma", umepata nane. Upande wa pili, "mashua humjua mtu" ni tisa, kwa sababu ile m ya "humjua" na ile ya "mtu" kila moja husimama kama mizani kamili. Wanaoanza husahau m hiyo, kisha hushangaa kwa nini mstari unawakwaza ulimi. Usiitoe m ukaivunja sarufi, badilisha chombo. Mashua ina mizani tatu, dau lina mbili:

Kusi likisha kuvuma, dau humjua mtu
Tanga si la kulituma, upepo si mali yetu
Rudi ungali mzima, pwani wakungoja watu

Vina ni -ma na -tu. Kila nusu ina nane. Ubeti huu si wa kushangiliwa, lakini umesimama, na ubeti uliosimama unaimbika hata kabla hujajua sauti yake, yaani tuni.

Kiamu kitakusaidia kwenye vina kuliko kamusi yoyote. Macho yakikunyima kina, una mato. Njia ni ndia, maji ni mai, moja ni moya, mji ni mui. Yaani neno moja lina milango miwili, na washairi wa visiwa hivi wamekuwa wakiingia na kutoka humo kwa karne nyingi. Sharti ni moja: usichanganye ovyo. Wimbo ulioanza na "ndia" usiishie na "njia" bila sababu, maana msikilizaji wa mtaa wa Mkomani atadhani umejifunza Kiamu juzi.

Jambo jingine ambalo haliandikwi mara nyingi ni mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la ngoma lazima litue hapo. Likitua penginepo, maneno yako yatasikika kama ya mgeni aliyekuja likizo. Kuna neno moja linalotosha kukutisha: ukikaza "ba" ya pili, barabara ni njia ya kupita, ukikaza "ra" ya kwanza, maana yake ni sawasawa. Sauti ya wimbo inaweza kuligeuza moja likawa jingine bila wewe kukusudia.

Ule mstari wa kusi uweke juu ya mwendo wa chakacha, ngoma ya pwani: duru ya mapigo sita ambapo la 1 na la 4 ndiyo mazito. Piga paja kwa mkono mmoja na uhesabu. KU-si-li-KI-sha-ku hujaza duru ya kwanza, na mikazo imetua pale pale kwenye la 1 na la 4. Duru ya pili: VU kwenye la 1, ma kwenye la 2, nyamaza la 3 uvute pumzi, kisha DA la 4, u la 5. Sasa umebaki na "hu" na "m" na nafasi moja tu. Zibane zote mbili ndani ya pigo la 6, upesi, ili JU iangukie la 1 la duru ya tatu. Halafu a la 2, kimya, M la 4, tu la 5. Duru ya nne iachie ala ikujibu. Mtu asiyebana atachelewa kwa pigo zima, JU itaangukia pahali pepesi, na mpiga ngoma ya dumbak atakutazama kwa jicho la huruma.

Mapigo yenyewe usiyatafute kwenye kompyuta kwanza. Nenda kwenye harusi. Vugo la akina mama, linalopigwa kwa pembe, lina mpangilio ambao mashine haiwezi kuubahatisha, kwa sababu pembe mbili hazigongwi kwa uzito sawa. Kirumbizi nacho, mchezo wa fimbo, kina zumari na ngoma, na fimbo zenyewe ni ala. Jifunze kwa kupiga makofi mpaka uweze kuupiga mwendo huku ukizungumza habari nyingine. Ukinyamaza ili usipotee, bado hujaujua.

Maulidi ya Mfungo Sita, yale ya Msikiti wa Riyadha, ni shule ya sauti na matwari (ngoma za mkononi) kwa yeyote mwenye masikio. Nenda usikilize kupumua kwao, namna mamia ya watu wanavyoshuka pamoja mwisho wa mstari. Lakini usirekodi kipande cha kasida ukakitia chini ya wimbo wa mapenzi. Mji huu ni mdogo na watu wataitambua kabla hujafika duru ya pili, na hapo hakuna wa kukutetea.

Sasa gitaa, ambalo ndilo huwatoa watu kwenye sauti ya pwani bila wao kujua. Sauti nyingi za taarabu huenda kwa maqamu za Kiarabu (mipangilio ya noti), na baadhi ya maqamu hizo zina noti inayokaa katikati ya mbili za gitaa. Udi hauna freti (vile vyuma vya shingoni), fidla haina freti, basi kidole huipata. Gitaa haliipati. Chukua maqamu ya bayati inayoanzia D: noti ya pili yake ni E iliyoshuka robo toni. Wewe unaiimba sawasawa kwa sababu umeisikia tangu utotoni, kisha unapiga kodi ya A (ya gitaa, si ya nyumba) ili urudi D maina (minor), kama ulivyofundishwa. Ndani ya A mna E kavu ya gitaa. Inagombana na koo lako, na koo, kwa kuwa ni la nyama, linakubali kushindwa. Baada ya wiki mbili unaimba wimbo wa kanisani wenye maneno ya Kiamu, na hujui ulipopoteza njia.

Dawa ni kuchagua kodi zisizo na E ndani. D maina, G maina, F na B-flati ziko salama. A, A maina, C na E za kila aina ziache. Unapohitaji kurudi nyumbani, toka G maina uingie D maina moja kwa moja, au gusa C na G mbili tu bila ile noti ya kati. Ukiwa na maqamu ya rasti ya C, kodi ya C yenyewe ina tatizo lile lile, basi piga C na G peke yake ukiziacha zivume. Maqamu ya hijazi haina taabu hiyo: D, E-flati, G maina na C maina zote zinakaa, ndiyo maana wapiga gitaa wengi wa pwani huishia hijazi kila wimbo. Si dhambi, ila huchosha. Mwenye kinanda cha umeme kinachoruhusu kubadilisha mpangilio wa noti ashushe E kwa senti 50 kabla ya kuanza bayati, na asisahau kuirudisha.

Si lazima pia maneno na sauti vitoke kwa mtu mmoja. Neno "mwimbaji-mtunzi" limewabebesha vijana mzigo ambao wakubwa waligawana. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni. Kama mizani hazikukai mkononi, tafuta malenga, na Lamu malenga hawatafutwi mbali. Mwendee kwa adabu, mpigie hodi, mwite mwalimu kama ndivyo anavyoitwa mtaani, mpe sauti iliyorekodiwa kwa la-la-la ili ajue urefu wa kila nusu, kisha umwache.

Misimu nayo huunda nyimbo. Aprili hadi Juni mvua za mwaka (masika) zinanyesha, kusi limeanza, hoteli nyingi zimepunguza kazi au kufunga. Huo ndio muda wa kutunga. Nyimbo mpya zijaribiwe Julai na Agosti, zikae vizuri kinywani kufika kaskazi, upepo wa kaskazini, ya Disemba wageni wanapojaa. Ramadhani weka ala kando ushughulike na maneno tu. Utashangaa mizani zinavyonyooka pasipo gitaa la kuzifichia makosa. Na udi uliolala mwezi mzima ulegeze nyuzi kiasi cha noti nzima, uutie kwenye mfuko wake pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha la baharini. Hewa ya chumvi hula nyuzi, na joto la kwenye boti hulegeza gundi.

Kurekodi nyumbani tutapita haraka. Nyumba ya mawe ya Lamu ni studio nusu. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana wa zaidi ya kama meta 3. Kuta mbili zilizopigwa lipu zikitazamana kwa karibu hurushiana sauti, na ukipiga kofi utasikia mtetemo kama wa bati. Ning'iniza blanketi nzito ukuta mmoja, simamisha godoro mwingine, na usikae katikati kabisa ya chumba. Kaa kwenye theluthi ya urefu wake. Ukiwa na ukuta wa zidaka (vishubaka vya kuwekea vitu), uimbie huo, kwa kuwa vile vishimo huivunja sauti isirudi kwa mkupuo. Juu darini kwenye makuti sauti ni laini zaidi, lakini kusi hutia upepo ndani ya maikrofoni.

Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ya pumzi. Ya udi ielekeze shingo inapokutana na tumbo, kwa umbali wa shubiri moja na nusu. Ukiielekeza tunduni utapata ngurumo tupu. Kama unatumia simu, ondoa mtandao kabisa, na kiwango cha sauti kisipite -6 dB. Saa tatu usiku hadi saa kumi ndiyo nafasi yako baina ya Isha na adhana ya Alfajiri. Punda hawana ratiba, kwa hiyo rekodi kila ubeti mara tatu.

Mwisho ni karatasi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, tungo hulindwa maisha yote ya mwenyewe na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shairi la karne ya 19 unaweza kuliimba bila ruhusa, lakini maelezo na tafsiri za mhariri aliyelichapisha ni mali yake. Malenga aliye hai, hata kama ni mjomba wako, andikianeni ukurasa mmoja: jina la wimbo, nani katunga maneno, nani sauti, asilimia ya kila mmoja, tarehe, sahihi mbili na shahidi. Fanyeni hivyo kabla ya kurekodi, kahawa ikiwa bado ina moto na hakuna senti iliyoingia.