Rili Kuukuu: Anza na Mkono Wake

Ukiletewa rili kuukuu ya kuvulia samaki, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye ufito, usikimbilie jina lililochongwa ubavuni. Shika mkono wake kwanza. Uzungushe polepole, usikilize, kisha utazame kile kipini kinachoshikwa na vidole. Umri wa rili husomeka hapo, na hapo pia ndipo watu wengi huiharibu.

Sisi wa Nakuru hatukosi rili hizi. Samaki aina ya trauti waliletwa Kenya mwaka wa 1905 na kutiwa mto Gura kule Aberdare, na baadaye wavuvi wa burudani wakawa wanawafuata hadi mto Kiptiget upande wa Kericho. Samaki wengine, black bass, wakatiwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Wenye mashamba walipoondoka, vifaa vilibaki stoo, na siku hizi vinaibukia kwa wauza skrapu, vikipimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Ukishuka Kisumu utakutana zaidi na rili kubwa, zile za kuvutia mbuta.

Rudi kwenye kipini. Kikiwa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate joto, halafu ukinuse. Kikinukia kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani. Kikiwa cheusi na kikitoa harufu ya kiberiti, hiyo ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. Ikikaa juani miaka mingi hugeuka kahawia. Wako wanaopima kwa sindano ya moto. Tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu seluloidi hushika moto haraka sana.

Na kama ni pembe ya ndovu kweli? Tazama ncha ya kipini kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu, mfupa una vitundu vidogo vyeusi, na seluloidi ya kuiga ina mistari iliyonyooka sambamba. Ukiona ule wavu, usinunue wala usiuze. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha na pembe, hata ikiwa ndogo kuliko kifungo cha koti.

Sasa soma maandishi, yaani jina la kampuni. Hardy ni ya Alnwick, Uingereza, na kwa zile za kale kabisa utaona mkono wa mtu umeshika ufito, umepigwa chapa kwenye shaba. Penn ni ya Philadelphia, ilianza 1932, na nyingi zina mbavu nyeusi za bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Mitchell ni ya Ufaransa. ABU Ambassadeur ya Sweden ndiyo rahisi kupita zote kujua umri wake: kwa zile za kuanzia katikati ya miaka ya 1970, geuza mguu wake, ile sehemu inayofungwa kwenye ufito, usome tarakimu. 7603 mwanzoni ina maana Machi 1976.

Kuosha ni kazi ya subira, si ya nguvu. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kufungua, na panga vipande kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wake. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha kwa sehemu kubwa, ila vipini vya ebonaiti visiguswe na maji ya moto, vitabadilika rangi. Skrubu iliyoganda itie mafuta ya taa, uiache ilale. Bisibisi nayo ijae mfereji wa skrubu sawasawa. Mimi hutumia tupa kuisawazisha ncha hadi ikae. Ule ukijani unaoganda kwenye shaba mahali palipokuwa na grisi ya zamani, ukwangue kwa kijiti cha mwanzi.

Majivu, Jik na magadi viache jikoni. Alumini huliwa na vitu hivyo, ikawa nyeusi yenye mabaka. Suguo la waya pia mwiko. Wanaokusanya rili hulipia ule weusi wa miaka mingi, na rili iliyong'arishwa kama bomba jipya huwa imepoteza nusu ya sababu ya kuinunua.

Kipini kisichozunguka kimeshikwa na grisi iliyokauka kwenye msumari wake. Tone la mafuta ya cherehani, joto la kiganja, na uzungushe huku na huku kidogo kidogo. Koleo hapana. Asetoni, au ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, huyeyusha seluloidi, kwa hiyo isikaribie kabisa. Seluloidi iliyoanza kutoa jasho na nyufa haina tiba. Mvuke wake hula chuma kilicho karibu, basi itoe na uihifadhi mbali na rili. Mbadala mzuri uko kwa mafundi wa jua kali: pembe ya ng'ombe ikikerezwa vizuri huwezi kuionea haya. Mwambie tu mnunuzi kwamba kipini ni kipya.

Mkono wa shaba uliopinda nyoosha kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya mbao, kwa awamu. Ule wa madini ya kumimina kwenye kalibu usijaribu, utakatika.

Skrubu ikipotea kwenye rili ya Kiingereza, usilazimishe ya milimita kutoka duka la vipuri. Itaingia mizunguko miwili, ikwame, na kula nyuzi za shimo. Nyingi ni za BA (British Association), kipimo cha zamani cha Kiingereza, kwa hiyo afadhali kununua rili nyingine mbovu ya kampuni ileile utoe skrubu humo.

Wakati wa kufunga, paka grisi nyembamba kwenye giya na mafuta mepesi kwenye ekseli. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Toa mshipi wa zamani wote, na kama rili ina breki ya visahani, ilegeze kabla ya kuiweka kabatini, ili vile visahani vya ngozi visibanwe vikashikamana.