Zinakufa, ila si zote

Umeuliza kama programu huria za miradi ya kimataifa hazifi mfadhili akifunga virago. Nyingi zinakufa, sikatai. Ila itazame DHIS2, programu huria ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya: mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliisambaza nchi nzima 2011. Hapa Tanzania, zile hesabu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ambazo muuguzi wa zahanati anazijumlisha mwisho wa mwezi kwa kalamu na kikokotoo huishia humo humo.

Ninachokipenda zaidi ni cha 2020. Mwanzoni mwa mwaka ule Sri Lanka walitengeneza ndani ya DHIS2 moduli, yaani sehemu ya nyongeza, ya kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini mwao kwa sababu ya korona, wakawaachia wengine. Nchi kibao zikaichukua, na baadaye hata manispaa za Norway zikaitumia DHIS2 kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Yaani safari hii ujuzi ulitoka kusini kwenda kaskazini!

Penye shida ni seva na mishahara. Leseni ni bure, lakini kijana anayejua kuirekebisha usipomlipa vizuri, kesho kaajiriwa benki.