Baraza ya Dadu: Sanduku lililofichwa wikioni

Mwezi huu barua ni nyingi kuliko nafasi. Nimechagua tatu zinazozunguka jambo moja, nalo ni wachezaji wanaoyeyuka safari ikiisha. Kwa msomaji mgeni: hapa tunazungumzia michezo ya kuigiza wahusika kwa kuandikiana mtandaoni. Mwongozaji anaeleza mahali na tukio, kila mchezaji anaandika mhusika wake anafanya nini, na dadu ya pande ishirini inaamua kama amefaulu au ameanguka. Hadithi moja, toka mwanzo hadi mwisho, ndiyo tunayoiita safari.

*Ami, salaam aleikum. Naongoza kundi la watu tisa: watano tuko hapa Lamu, wawili Mombasa, mmoja Nairobi na mmoja yuko Muscat kikazi. Tunacheza kwa WhatsApp. Safari moja hutuchukua wiki tatu au nne na moto huwaka hasa, watu wanaandika mpaka saa nane usiku. Halafu inaisha. Kuandaa nyingine kunanichukua mwezi na nusu kwa sababu nina duka na watoto. Muda huo kundi linageuka la picha za maua ya Ijumaa na matangazo ya viwanja. Nikirudi na safari mpya nakuta watu wanne. Nilijaribu kuwawekea vijisafari vya katikati, nikachoka kabla yao. Nifanyeje?*
*Nahodha Mchovu, Langoni*

Waaleikum salaam, nahodha. Umenikumbusha aibu yangu mwenyewe. Miaka sita iliyopita kundi langu lilimaliza safari iliyotuchukua Rajabu na Shaabani nzima. Mwisho wake niliupenda mno: mwizi kakamatwa, sultani karudishiwa siwa yake (pembe ya enzi), waliogombana wamepatana, kila mtu kapata fungu lake. Nikaandika, "Hadithi imekwisha, tukutane baada ya Idi." Tulikuwa kumi na mmoja. Baada ya Idi walirudi wanne, na mmoja wao alikuja kuaga. Nikalaumu watu, nikasema vijana wa siku hizi hawana subira. Ilinichukua muda kukubali kwamba mlango niliufunga mimi, na komeo nikatia. Mhusika ambaye hadai wala hadaiwi, hana siri, hakuna anayemngoja, mwenyewe atamkumbuka kwa lipi?

Safari iliyofuata niliacha kitu kimoja kikining'inia. Walikuwa wameokoa sanduku dogo la mvule lenye kufuli, ufunguo haukupatikana. Sikueleza lina nini. Nilimwandikia faraghani dada mmoja ambaye mhusika wake ni muuza udi: "Usiku huu sanduku unalificha wapi?" Alikuwa gatini akingoja boti ya Mokowe. Akanijibu mistari mitatu: amelipitisha gizani, amelifunika kwa jamvi, amelificha ndani ya wikio.

Kwa wasiokaa Lamu, wikio ni kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kikiunga nyumba mbili zinazotazamana. Nikalitoa jibu lake kundini kama uvumi: mtu kaona taa wikioni saa za usiku. Kesho yake kijana mmoja, ambaye mhusika wake ni hamali aliyepanga nyumba ya upande wa pili, akaandika kwamba wikio lile ni la nyumba yake, basi na kilichomo ni chake. Muuza udi akatoa hati. Hamali akasema aliyeandika hati hiyo alizikwa mwaka mmoja kabla ya tarehe yake. Akaitwa kadhi, ambaye mchezaji wake alikuwa hajaandika neno kwa wiki tatu, na kadhi akataka kwanza ukuta upimwe, ijulikane wikio linaanzia wapi. Kuna mtu alipima kweli! Alitoka kwao Mkomani na utepe wa fundi seremala, akapima wikio la jirani zao huku watu wanapita na punda wakimuuliza kama nyumba inauzwa, akatuletea vipimo mpaka unene wa ukuta. Siku ishirini nzima mimi niliandika mara mbili tu, na sanduku bado lilikuwa halijafunguliwa. Nilipotangaza safari mpya walikuwa wote wamejaa, wananigombeza kwa kuchelewa.

Kwa hiyo safari ikiisha acha mambo mawili matatu wazi, na kila moja ulikabidhi kwa mtu. Sanduku la watu wote halilindwi na mtu. Swali utakalouliza liwe la kujibika kwa mistari mitatu, mtu akiwa amesimama na simu mkononi. Ukiuliza "Mhusika wako anaendeleaje?" utajibiwa "yuko poa," mambo yameisha. Uliza amemkopa nani. Uliza lile jeraha la mkono amemwambia mkewe amelipata wapi. Na jibu likija, litoe nje libadilishe kitu ambacho wengine watakiona. Hapa ndipo waongozaji wengi tunaharibu: tunapokea majibu kama mwalimu anayekusanya madaftari na kuyafungia kabatini.

Muda nao unataka hesabu. Gary Gygax, yeye na Dave Arneson ndio waliotoa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974, alikuwa mkali sana juu ya kalenda. Katika kitabu chake cha waongozaji cha mwaka 1979 alisisitiza siku za mchezo zihesabiwe na kuandikwa. Wengi waliona ni ukarani. Mimi nimemfuata, ila kwa hesabu ya kwetu: natumia mwongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, kama walivyohesabu manahodha na wakulima wa pwani hii. Siku kumi zikipita kwetu, kumi zimepita kwa wahusika. Kila mwongo naandika habari moja ya mji isiyozidi mistari mitano. Bei ya chumvi imepanda. Jahazi geni limetia nanga Manda na halijateremsha mtu. Punda wa kadhi haonekani. Na kila mchezaji ana tendo moja kwa mwongo, la kujenga, kununua, kutafuta, kuposa, chochote, nami nalirushia dadu. Kazi yangu yote haizidi nusu saa kwa siku kumi. Hiyo hata mwenye duka na watoto anaimudu.

Vijisafari vya katikati viache. Vinakula nguvu uliyoiweka kwa safari kubwa, na wachezaji wanajiona wamo kazini. Siku moja nenda Matondoni utazame jahazi lililopandishwa pwani. Huyu anasindika pamba kati ya mbao kwa patasi, yule anapaka sifa, mafuta ya samaki (harufu yake waijua, nguo hairudi tena), na watoto chini ya mkuku wanabishana safari ijayo ni ya wapi. Nahodha mwenyewe wala hayupo, kaenda kunywa kahawa. Wape wachezaji wako jahazi lao walikalafati wao: nani ananunua pamba, nani anashona tanga, nani kaiba mafuta. Niliwahi kuwapa wangu hilo, na ugomvi wa nani kapaka deheni, ile chokaa na mafuta ya chini ya chombo, upande mmoja tu ulidumu miongo miwili.

Kuhusu huyo wa Muscat: akikaa kimya mwongo mmoja, mpe mhusika wake udhuru wa heshima, kaenda Siyu kununua viatu vya ngozi. Usimtaje kundini kwa lawama. Akipitisha miongo mitatu, mpigie simu kama binadamu, huenda ana mgonjwa. Na picha za maua zifungulie kundi lake. Nasema kweli, hilo tu litakupunguzia nusu ya uchovu.

*Ami, shikamoo. Mimi ni mchezaji tu. Nafanya kazi zamu ya mchana na simu inakaa kabatini. Safari ikisimama, kuna mwenzetu mmoja anaandika kutwa kucha. Juzi nilitoka kazini saa kumi na mbili jioni nikakuta ujumbe mia moja na arobaini, na mhusika wangu, binti wa mhunzi, ameposwa, mahari imetajwa, naye amekubali. Mimi sijakubali! Mwongozaji ananiambia huo ni uchangamfu, nisiuzime. Nina haki ya kukasirika?*
*Aliyeposwa Kazini, Shela*

Marahaba, mwanangu. Haki unayo, na nimecheka nikiwa upande wako. Hata siku ya nikaha ya kweli bibi harusi huulizwa.

Kwangu kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: mwili wa mhusika, mali yake, ndoa yake na kifo chake haviandikwi na mtu mwingine. Mwenzako ana ruhusa ya kuandika kwamba *ametuma* posa. Kwamba imekubaliwa ni lako peke yako, hata ukichelewa wiki.

Ila usidai yafutwe. Ukifuta ujumbe mia na arobaini utamuudhi kila aliyeandika, nawe utaitwa mnuna. Andika hivi: mshenga alikula ada yake, hakufika kwa mhunzi kabisa, akakaa Mkunguni akicheza bao mpaka magharibi, kisha akarudi na jibu alilolitunga njiani. Sasa tatizo si lako tena, ni la mshenga, na bwana harusi ana la kuandika kutwa kucha.

Huyo mwenzako msimwone adui. Kuna mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu, MUD, ulioanzishwa na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Bartle, baada ya kutazama wachezaji kwa miaka, aliandika mwaka 1996 kwamba wako kama karata za aina nne. Uru ni wanaotafuta mali na vyeo. Shupaza ni wachimbaji, wanataka kujua kila pango linaishia wapi. Kopa wamekuja kwa ajili ya watu, mchezo ni kisingizio. Pau wanataka wa kumpiga. Mwenzako ni kopa mtupu. Safari inapokuwepo hutulia kwa sababu watu wapo. Safari ikiisha yeye hana kingine, anajaza nyumba kwa sauti yake. Uru hawezi kukaa kati ya safari bila kitu cha kuhesabu, na shupaza akikosa ramani analala. Mwongozaji wenu anawalisha wote chakula cha kopa halafu anashangaa wengine hawashibi.

Mwonyeshe jibu nililompa Nahodha Mchovu hapo juu, lile la tendo moja kwa mwongo. Soga na matani barazani viwe bila kikomo. Linalobadilisha hali ya mtu lihesabiwe. Mwenzako ataandika vile vile, lakini utakaporudi kutoka kazini utahitaji kusoma ujumbe mmoja tu.

*Ami, niko Faza, mtandao ni wa kubahatisha. Siku hizi kati ya safari kundi langu wanarushiana sauti za dakika tano na video. Bando langu linaisha kabla ya Jumatano. Nisipofungua nakuwa mgeni safari ikianza. Nitoke?*
*Kijana wa Kisiwani*

Usitoke. Sauti ya dakika tano hata mwenye bando haisikilizi yote, anajifanya. Waombe waweke sheria: lenye uzito liandikwe, sauti iwe mapambo.

Halafu wapelekee mchezo usiokula bando, nao ni kitendawili chetu kile kile. Wewe: "Kitendawili!" Wao: "Tega!" Wakishindwa unadai mji, na unapopewa unasimulia ulivyofika, ulivyopokewa, ulivyokula, ndipo utoe jibu. Mchezo huu wa wahusika tulikuwa nao kabla dadu haijafika, tukiwaachia bibi zetu. Sisi tuliongeza jambo moja: mji unaotolewa uwe kwenye ramani ya mchezo, na anayeupewa anautawala hadi safari ijayo.

Mimi niliyeichora ramani nimeshapoteza miji miwili. Wa kwanza niliupoteza kihalali. Wa pili alinichukulia mtoto wa kidato cha tatu: "Kila siku napita chini ya tumbo lake, hajanilalia." Niliwaza ngalawa, niliwaza punda, niliwaza daraja. Nikatoa bandari yangu nzuri kuliko zote. Jibu lilikuwa wikio, na hapo nilipokuwa nimekaa nikiwaza, nilikuwa chini yake. Sasa kijana ananitoza ushuru wa nanga kila mwongo, na amekataa kupunguza.